Mji wa Bei Kali, Mfuko Mwepesi: Toka Mweso Hadi Unguja



Husemwa mara nyingi kwamba kusafiri ni kazi ya matajiri, na kwamba maskini ana safari mbili tu: ya kwenda shambani na ya kwenda sokoni. Neno hili si la kweli, maana wazee wetu walitembea nchi za mbali bila fedha mfukoni. Lakini ni kweli kwamba iko miji ambayo mgeni akiingia bila kujipanga, siku ya tatu hana hata nauli ya kumrudisha kwao. Mmoja wa miji hiyo ni Mji Mkongwe wa Unguja, katika visiwa vya Zanzibar. Watu wa dunia nzima hufika huko kutembea, na mwaka 2018 bei za vitu vingi ziliandikwa kwa ajili yao kwa dola za Marekani. Zipo hoteli za pwani ambazo hutoza kwa usiku mmoja fedha ambazo mwalimu wa kwetu hazipati kwa mwezi mzima.

Sisi walimu wawili wa Mweso, katika Masisi, tulikwenda huko mwezi wa saba wa mwaka 2018, shule zilipokwisha kufungwa. Leo twapenda kuwaeleza jinsi tulivyokwenda, tulivyokula na tulivyolala, na hasa jinsi tulivyobishana juu ya fedha. Bei tutakazotaja ni za mwaka ule. Msomaji asizishike kama amri.

FEDHA ZA SAFARI

Tulikuwa katika likelemba ya watu 14: walimu, wauguzi na wachuuzi wa soko. Kila mwezi kila mmoja alitoa dola 25, na mwenye zamu akapokea dola 350. Zamu zetu mbili zilifuatana, nasi tukaziunganisha. Jumla yake ikawa dola 700. Pasipoti, viza na kadi za chanjo ya homa ya manjano tulikuwa tumekwisha kuzilipia kando.

Fedha hizo hazikuwa za matembezi tu. Darasa letu la sita lilikuwa na watoto 40, na kamusi ya Kiswahili hawakuwa nayo hata moja. Tuliwaahidi kwamba tutawaletea kamusi kutoka pwani, kadiri fedha zitakavyoruhusu. Wao nao wakatupa daftari. Kila mtoto alikuwa ameandika humo swali lake moja juu ya bahari na juu ya watu wa huko, na kutuomba tulijibu. Kwa hiyo tuliondoka Mweso na mizigo miwili isiyo na uzito: ahadi ya vitabu na maswali 40.

Tangu siku ile tulikuwa na kipimo chetu. Kamusi moja ilikadiriwa kuwa shilingi 20,000 za Tanzania, karibu dola tisa. Basi kila tulipotaka kununua kitu tulijiuliza: je, hiki ni sehemu gani ya kamusi? Chupa mbili za soda kila siku, kwa siku kumi na mbili, zingeila kamusi moja na zaidi. Tulikunywa maji.

NJIANI

Kutoka Mweso hadi Goma ni mwendo wa kilomita mia hivi, kwa njia ya Kitshanga, Kilolirwe na Sake. Tulipita katikati ya vilima vya majani mabichi na makundi ya ng'ombe. Tulikuwa tumefunga chakula cha njiani: viazi vya kuchemsha, karanga za kukaanga, na jibini mbili za Masisi zilizo duara kama gurudumu dogo. Jibini moja ilikuwa yetu. Ya pili tuliiweka kuwa zawadi kwa mtu atakayetupokea, maana mkono mtupu haulambwi.

Goma tulivuka mpaka kwa miguu, tukapanda gari la abiria hadi Kigali. Katika kituo cha Nyabugogo tulipata basi la Dar es Salaam. Njia yake hushuka hadi mto Akagera penye mpaka wa Rusumo, kisha huingia Tanzania na kupita Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Wakati ule magari ya abiria hayakuruhusiwa kwenda usiku kucha katika Tanzania. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2023. Basi letu lilisimama, na abiria wenye fedha wakaenda kutafuta vitanda. Sisi tulilala katika viti vyetu, miguu juu ya mizigo, pamoja na akina mama wachuuzi waliofanya hivyo kila mwezi. Ni wao waliotufundisha kuvaa soksi mbilimbili, kwa sababu baridi ya usiku katika nchi zile kavu si mchezo, hata kwa mtu wa milimani.

Siku iliyofuata jioni tulifika kituo cha Ubungo, Dar es Salaam. Tangu mwaka 2021 mabasi ya mbali yanatumia kituo kipya cha Mbezi. Kutoka Ubungo hadi bandarini tulipanda mabasi yaendayo haraka, ambayo watu huyaita mwendokasi. Nauli yake ilikuwa shilingi 650, na hakuna mtu aliyetuuliza kama ni wageni au wenyeji. Tulikuwa na barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wetu, na kwa barua hiyo tulipata mahali pa kulala katika parokia moja ya mjini. Tulitoa sadaka ya dola kumi kwa usiku tuliolala na kwa ule ambao tungelala wakati wa kurudi.

UBISHI WA GATINI

Asubuhi tulikwenda gatini. Karibu na gati hilo limesimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902. Tulisimama katika kivuli chake tukisoma ubao wa nauli. Mwenyeji alilipa kwa shilingi. Mgeni alilipa dola 35 kwenda, na dola 35 nyingine kurudi. Kwa watu wawili ilikuwa dola 140. Tukiongeza malazi na matumizi ya Unguja, kuvuka bahari kungetugharimu karibu dola 186.

Tukafanya hesabu kwa kipimo chetu. Tusipovuka, tungerudi Mweso na kamusi 40, yaani kila mtoto na yake. Tukivuka, tungerudi na kamusi 20, yaani watoto wawili kwa kamusi moja. Hapo ndipo tuliposhindwa kupatana.

Mmoja wetu alisema: "Bahari iko hapa mbele yetu, na minazi iko, na samaki wako. Watoto wameuliza juu ya bahari. Tutawajibu kutoka hapa. Kitabu hubaki, safari hupita. Nitamtazamaje mtoto ambaye kamusi yake nimeitumia kulipia boti?"

Mwingine akajibu: "Ni kweli kwamba kitabu hubaki. Lakini wewe wajua wanavyosema watoto wetu. Wanasema Kifaransa ni lugha ya shule, na Kiswahili ni lugha ya soko na ya askari. Mtoto anayeidharau lugha yake, hata ukimpa kamusi ataifungia sandukuni. Anayejua lugha hiyo imetoka wapi na imepita wapi mpaka ikamfikia, ataifungua, hata kama ni ya watu wawili. Na jambo hilo hatuwezi kumweleza vizuri kama sisi wenyewe tumeishia gatini."

Tulikaa kimya muda mrefu. Boti la kwanza likaondoka. Mwisho tulipatana kwa masharti matatu. La kwanza, tutalala Unguja siku tatu, si tano. La pili, hatutalipa kiingilio chochote ila kile cha mahali tulipopafuata. La tatu, kamusi zisipungue 20 kwa sababu yoyote ile, hata kama itatubidi kushinda na njaa. Tukanunua tiketi.

Hatusemi kwamba kila msomaji angeamua hivyo.

KULALA NA KULA UNGUJA

Boti liendalo kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Kwanza maji ni ya rangi ya majani, baadaye huwa ya buluu iliyokoza, na mtu wa ziwa Kivu ambaye amezoea kuona ng'ambo hushtuka kidogo akiona upande mmoja hauna nchi kabisa. Tulipofika, pasipoti zetu zilitazamwa tena, kwa maana Zanzibar ina serikali yake ndani ya Jamhuri ya Muungano.

Nje ya bandari vijana wengi walitukimbilia wakitaka kutupeleka hotelini. Tuliwasalimu, tukawashukuru, tukapita. Mji Mkongwe uko upande wa bahari. Upande wa pili wa barabara ya Darajani ndiko Ng'ambo, wanakokaa wenyeji wengi, karibu na majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Huko tulielekezwa kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akipangisha chumba cha uani. Alitaka dola 15 kwa usiku. Tulimwamkia "shikamoo", kama tulivyosikia watu wakifanya, tukamweleza kwamba sisi ni walimu na kwamba tumekuja kwa ajili ya vitabu. Akatutazama, akasema: "Basi wanangu, toeni kumi na mbili." Tukampa ile jibini. Alikuwa hajapata kuona jibini namna ile. Aliinusa, akacheka, akatuuliza kama huliwa na wali. Kila asubuhi alituletea chai ya tangawizi na maandazi bila kuyaingiza katika hesabu.

Juu ya kula, mtu ajue kwamba mji huu una meza mbili. Meza ya kwanza iko katika hoteli zitazamazo bahari. Meza ya pili iko kwa mama ntilie, na katika vibanda vya nyuma ya soko la Darajani, ambalo lilifunguliwa mwaka 1904. Huko tulikula wali kwa maharage, ugali kwa dagaa, na mchicha ambao sisi kwetu twauita lengalenga. Jioni tulikunywa urojo, ambao ni mchuzi mzito wenye ukwaju, vipande vya viazi, bajia na muhogo uliokaangwa. Bakuli moja humtosha mtu mwenye njaa ya kweli. Katika bustani ya Forodhani, mbele ya bahari, wachomaji huwasha moto wakati wa magharibi, wakauza pweza, mishikaki na maji ya miwa. Hapo mgeni hutajiwa bei ya kigeni. Lakini tuliona jambo moja: aliyeanza kwa kuuliza bei alitajiwa bei ya juu, na aliyeanza kwa salamu, akauliza habari za kazi na za nyumbani, alitajiwa bei nyingine. Tulisalimu kwanza, tukagawana mshikaki mmoja.

Siku ya tatu yetu ilikuwa Dominika. Tulisali katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Lilijengwa na wamisionari wa Ufaransa kati ya mwaka 1893 na 1898. Ni kutoka Zanzibar na Bagamoyo kwamba msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka mwaka 1878 kwenda nchi za maziwa makuu.

VITU VISIVYO NA BEI

Katika mji huu wa bei kali, vitu vilivyo bora karibu vyote hutazamwa bure. Mji Mkongwe umeandikwa tangu mwaka 2000 katika urithi wa dunia wa UNESCO. Vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na milango yake ya mbao imechongwa maua na minyororo, mingine ikiwa na misumari mikubwa ya shaba. Mwenye mlango hakudai chochote kwa kutazamwa. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno, tuliingia bila kulipa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, tuliiona kwa nje. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020.

Hata bahari yenyewe haina kiingilio. Watoto walikuwa wameuliza: je, ni kweli maji huondoka na kurudi? Tulikaa ufukweni tangu asubuhi hadi adhuhuri tukitazama. Maji yalikuwa yamejaa. Yakaanza kupwa polepole, mpaka mashua zilizokuwa zikielea zikalala ubavu juu ya mchanga, na akina mama wakashuka na vikapu kutafuta chaza. Mvuvi mmoja alitueleza kwamba bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika kadhaa, na kwamba mwezi ukiwa mpya au mpevu maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo huitwa maji ya bamvua. Sisi tulijua kutoka vitabuni kwamba sababu yake kubwa ni mvuto wa mwezi, na mvuto wa jua ukisaidia. Lakini neno "bamvua" hatukuwa tumelisikia. Tuliliandika.

Mtoto mwingine aliuliza kwa nini maji ya bahari ni ya chumvi, hali mito iingiayo humo ni baridi. Jibu ni kwamba mito huyeyusha chumvi kidogo kidogo katika mawe na udongo na kuipeleka baharini. Jua huchukua maji, na chumvi hubaki. Imekuwa hivyo kwa mamilioni na mamilioni ya miaka. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba kikiwa bahari.

MKUNAZINI

Mahali pekee tulipolipa kiingilio ni Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alilifunga, na mwaka ule ule Waanglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya uwanja ule. Aliyeongoza kazi ni Askofu Edward Steere, ambaye pia alikuwa mjuzi mkubwa wa Kiswahili. Husimuliwa kwamba altare imewekwa palipokuwa na mti wa kuwafungia watumwa na kuwapiga. Nje ya kanisa liko shimo lililojengwa kwa mawe, na ndani yake zimesimama sanamu za watu watano waliofungwa mnyororo shingoni. Sanamu hizo zilichongwa mwaka 1998. Watalii walikuwa wakipiga picha. Sisi tulisimama bila kusema, maana nyuso zile zilikuwa za watu ambao tungeweza kukutana nao sokoni Mweso.

Tusisahau kwamba misafara ya pembe na watumwa iliingia sana katika Maniema, nchi ipakanayo na Walikale yetu. Mkuu wa misafara hiyo alikuwa Hamed bin Muhammed, ambaye watu humwita Tippu Tip. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II alimfanya kuwa liwali wa Stanley Falls, ndipo Kisangani ya leo. Alifariki Unguja mwaka 1905. Nyumba yake iko bado katika mtaa wa Shangani, nasi tuliutazama mlango wake mzuri kwa moyo mzito. Ni kwa njia ya misafara ile kwamba Kiswahili kiliingia Kongo ya mashariki na kuitwa Kingwana. Lugha ambayo twasali nayo, twafundisha nayo na kupatanisha nayo majirani, ilitufikia pamoja na mnyororo. Mnyororo ulikatika, lugha ikabaki, na waliobaki nayo ndio waliobebeshwa mizigo.

Jioni ile tulikaa katika baraza la kahawa mtaani Sokomuhogo. Mzee mmoja alitusikia tukizungumza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Kiswahili chenu cha bara hicho. Mwatoka wapi?"

"Kongo, mzee. Upande wa Kivu."

"Kongo!" akasema, akatusogezea kashata. "Babu yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema. Aliletwa hapa mtoto mdogo. Yeye hakuulizwa kama anataka kuja."

Akatuuliza twaitaje kwetu majani ya muhogo. Tukamwambia: sombe. Yeye akasema: kisamvu. Tukamwuliza juu ya samaki wa kukaushwa. Akasema ng'onda, nasi tukasema makayabo. Watu wa baraza wakaanza kushindana kututajia maneno, na sisi kuwatajia yetu, mpaka daftari la watoto likajaa kurasa nne. Hakuna aliyetucheka. Kahawa yetu ililipwa na mzee yule.

Mtoto mmoja wa darasa la sita alikuwa ameandika swali hili: "Je, watu wa huko watakielewa Kiswahili chetu?" Swali hilo tulilijibu usiku ule, kwa taa ya bibi yetu. Tuliandika kwamba mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha kwa nchi za Afrika ya Mashariki, na msemo wa Unguja ukafanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwamba msemo wetu ni tawi la mti ule ule. Na kwamba tumeelewa na tumeeleweka.

HESABU YA MWISHO

Tuliporudi Dar es Salaam tulikwenda moja kwa moja dukani. Hii ndiyo hesabu yetu kwa watu wawili, kwenda na kurudi. Mweso na Goma, dola 50. Goma na Kigali, dola 16. Kigali na Dar es Salaam, dola 180. Boti, dola 140. Malazi ya Unguja, dola 36. Sadaka ya parokia, dola 10. Chakula cha siku kumi na mbili, dola 60. Magari ya mjini, kiingilio, wapagazi na mengineyo, dola 28. Jumla ni dola 520. Zilibaki dola 180, nazo zikawa kamusi 20: kumi na tisa ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na moja ni Kamusi la Kiswahili Fasaha la Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lililotolewa mwaka 2010.

Kwa wale wanaofikiri kuutembelea mji wa bei kali, pwani au penginepo, twawapa mashauri machache.

Kwanza, ujue unachokifuata kabla ya kutoka nyumbani. Asiyejua anachokifuata hununua kila anachoonyeshwa.

Pili, hesabu nauli ya kurudi, uifunge mahali pa peke yake, wala usiiguse. Dola zako ziwe mpya na safi, kwa maana za zamani au zilizochanika hukataliwa.

Tatu, lala na ule wanapolala na kula wenyeji. Si kwa sababu ya bei tu. Ni huko unakojifunza.

Nne, salimu kwanza. Uvae kwa heshima, hasa katika mji wa Waislamu kama Unguja, na usimpige mtu picha bila ruhusa yake.

Tano, chukua zawadi ya kwenu. Maskini naye ana cha kutoa, na mwenye kutoa hapokelewi kama mwombaji.

Njia tuliyopita mwaka 2018 hatumshauri mtu aishike sasa bila kuuliza kwanza habari za amani. Mwezi wa Januari 2024 vita vilifika Mweso yenyewe, mabomu yakaua raia, na familia nyingi zikakimbia. Watoto wale 40 walikuwa wamekwisha kuwa vijana. Kwa miaka yote walikuwa wametumia zile kamusi wawili wawili, mmoja akitafuta neno na mwenzake akiandika, na ilikuwa imekuwa desturi ya darasa. Kamusi tisa twajua ziliko. Zilitoka ndani ya magunia ya wakimbizi, pamoja na sufuria na blanketi.

Mmoja wetu hata leo hushikilia kwamba kamusi 40 zingefaa zaidi. Mwingine humwuliza: zile tisa zingebebwa na nani, kama wenyewe hawangezipenda? Ubishi huo haujaisha kati yetu, nasi hatuoni haraka ya kuumaliza.